Magauni Ishirini na Mawili ya Njano

Mwaka 2017 nilishona magauni ishirini na mawili kwa makosa, na sijawahi kufanya kosa zuri kama lile. Makosa yangu mengine hayakuwa mazuri. Nayo nitayasema, maana mzee akishika kalamu halafu akaficha, afadhali angekaa kimya.

Nilikuwa na chumba cha cherehani Joubert Park, katikati ya jiji, huku kusini mwa Afrika, ghorofa ya kwanza, na mlango nilishirikiana na mama wa saluni kutoka Lubumbashi, ambaye sauti yake ilifika hadi stesheni. Mteja wangu wa siku nyingi alikuwa bibi wa Kiyahudi kutoka Observatory, mwalimu mstaafu, mfupi, anayevaa viatu vya michezo vyeupe kila siku ya Mungu. Mama yake alikuwa fundi wa nguo katika mji huuhuu, ndiyo maana alipenda kukaa na kusikiliza cherehani. Mwanzoni nilimwita madam, akanikaripia kama mtoto wa darasa la tatu. Kwao watu wote walimwita Bobba, yaani bibi, basi nami nikamwita Bobba. Naye aliniita Papa kama Wakongo wote wa jengo lile.

Siku moja aliingia akiburuta jora zima la kitambaa cha njano, na karatasi ya vipimo mkononi.

"Papa, nataka aproni ishirini na mbili kufikia Ijumaa. Na maandishi mekundu, makubwa: MPE HATI YAKE."

"Nani ampe nani, Bobba?"

Akaketi. Binti yake, mwenye miaka thelathini na minne, alikuwa amepewa talaka na mahakama ya serikali miaka sita iliyopita. Lakini kwa dini yao, mwanamke hajafunguliwa mpaka mume mwenyewe, kwa mkono wake, amwekee mikononi hati ya talaka iliyoandikwa na mwandishi wa marabi. Na yule mume hataki. Bila hati ile binti hawezi kuolewa. Akizaa na mtu mwingine, mtoto atabeba doa, na akikua hataruhusiwa kuoa au kuolewa na watu wa kwao hivihivi. Kulikuwa na daktari wa meno, mjane, mtu mpole, aliyekuwa akimsubiri. Walitaka mtoto, na umri wa kuzaa ulikuwa unakwenda.

"Si marabi wamlazimishe?" nikasema.

"Wanamwita. Anakuja, anakunywa chai, anasema atafikiria. Hati ya kulazimishwa haihesabiki, Papa. Lazima atake mwenyewe. Kwa hiyo Jumapili sisi wanawake tutakwenda kwenye duka lake la taa kumsaidia kutaka."

Nikajifanya mtu wa hekima. "Labda bado anampenda, Bobba."

Mama wa saluni alikuwa mlangoni na chanuo mdomoni. Alilitoa. "Ona! Anamtetea mwenzake! Bobba, muulize ng'ombe wake!"

"Ng'ombe gani?"

Nikaeleza, kwa sababu nisingeeleza mimi angeeleza yeye, tena kwa sauti. Kwetu, karibu na Bukavu, mwanamke aliyeondoka kwa mume hayuko huru mpaka ng'ombe wa mahari arudishwe na upande wa mume umpokee. Mke wangu aliondoka kwa sababu nilikuwa mlevi na mkono wangu ulikuwa mwepesi wa kupiga. Kaka zake wakamleta ng'ombe. Nilifunga mlango kwa ndani, nikalala kitandani na viatu. Ng'ombe alisimama nje mpaka jioni, akamaliza maharage ya jirani, wakarudi naye. Baadaye vita vikaja, nikakimbilia kusini. Mke wangu akaishi na mwalimu mmoja, mtu mwema, wakazaa watoto watatu. Kwa desturi watoto wale ni wangu, ingawa sijawahi kuwaona. Binti wa kwanza alipoposwa, wadogo zangu walinipigia simu kuniuliza kama waende kupokea mahari. Nikasema, nendeni.

Mama wa saluni, aliyekuwa akiijua nusu tu ya kwanza ya habari hii, alirudi kwenye kichwa cha mteja wake.

Bobba alikunja futi yangu ya kupimia taratibu, akaiweka mezani. "Kumbe nimemletea kitambaa changu mwenye duka la taa," alisema.

Nilijua atabeba jora lake aondoke. Hakulibeba. "Shona, Papa," alisema. "Lakini shona ukifikiria."

Nikashona nikifikiria, na hapo ndipo nilipoharibu. Niliona si heshima akina mama wazima waende kwa mtu wamevaa aproni kama wapishi. Wanawake wakienda pamoja kwa jambo kubwa, kwetu huvaa sare. Basi nikashona magauni kamili, mikono imetuna kama maandazi, marinda mawili chini. Na maandishi nikayaweka nyuma, kuanzia mgongoni na kushuka mpaka panapokaliwa, kama tunavyofanya kwenye sare za maandamano ili anayetembea nyuma asome. Sikujua kwamba wanawake hawa hawaendi kutembea. Walikuwa wanakwenda kusimama mbele ya dirisha la duka, wakimtazama mtu.

Ijumaa asubuhi Bobba alifungua gauni la kwanza. Akaligeuza. Akaligeuza tena.

"Papa, maneno yako kwenye makalio."

"Ndiyo, Bobba. Yasomeke vizuri."

Alicheka mpaka akashika cherehani asianguke. Niliomba anipe siku mbili nifumue. Alisema jioni Sabato inaingia, mpaka kesho usiku hakuna wa kupigiwa simu wala wa kupimwa, na Jumapili saa tatu duka linafunguliwa. "Tutavaa hivyohivyo. Nawe utakuja kuona kazi yako."

Nilikwenda na mama wa saluni, ambaye alifunga saluni siku yenye wateja wengi kuliko zote. Duka la taa lilikuwa kwenye barabara kubwa, jirani kabisa na robot, kama huku wanavyoziita taa za kuongozea magari. Sisi wawili tulisimama ng'ambo. Wanawake ishirini na mmoja wa njano, wengi wamepita miaka sitini, walijipanga mbele ya dirisha wakaanza kuimba kwa lugha yao. Binti hakuwepo, Bobba alimkataza.

Mume alitokea ndani, mtu nadhifu, ndevu zimechongwa. Aliona nini? Aliona marinda na mikono ya maandazi. Alidhani labda ni kwaya. Akatabasamu, akawapungia mkono.

Lakini robot iliwaka nyekundu, na magari yote yaliyosimama nyuma ya wanawake yakawa darasa la kusoma. Teksi moja ikapiga honi. Ya pili ikapiga. Abiria wakaanza kusoma kwa sauti, dirisha moja baada ya jingine: "Mpe hati yake!" Dereva mmoja akatoa kichwa chote nje. "Eish, bra, ndugu yangu! Mpe mama karatasi yake, tuendelee na safari!" Robot ikawa kijani na hakuna aliyekwenda. Mwenye duka alizidi kupunga mkono. Honi zote zile alifikiri ni za sherehe, na sherehe, sijui kwa nini, ni ya duka lake. Alitoka mpaka kizingitini kusalimia mtaa.

Ndipo Bobba akapiga kofi moja la mwalimu, na wanawake wote wakageuka kwa pamoja, wakainama.

Mama wa saluni alikaa chini barabarani. Mimi machozi yalinitoka, niseme kweli, ya kicheko. Migongo ile ya njano ilimwambia yule bwana jambo moja kwa herufi za urefu wa shibiri, na kila herufi nilikuwa nimeishona mimi.

Mgongo mmoja haukugeuka. Kulikuwa na gauni la ishirini na mbili, dogo, lenye kibyongo, ambalo kwenye karatasi ya vipimo Bobba hakuandika ni la nani. Bibi kizee alikuwa ameshuka garini akachelewa kufika. Alisimama mbele ya mwenye duka, uso kwa uso.

"Mama?" akasema yule bwana. Tulimsikia hadi ng'ambo, maana teksi zilikuwa zimenyamaza.

"Mimi siwezi kuinama," mama yake akasema. "Mgongo unaniuma. Wasome hao wengine."

"Mama, vua hilo gauni."

"Limenikaa vizuri. Miaka sita nakaa peke yangu sinagogi, wanawake hawanisalimii kwa ajili yako. Leo wamenipa nguo na wimbo. Unampa au humpi?"

"Hili ni jambo langu na yeye."

"Basi limalize, lisiwe langu."

Akaangalia mama yake, akaangalia mtaa. Nilimfahamu sana wakati ule. Nilijua anavyotamani kurudi ndani, afunge mlango, alale na viatu. Nilijikuta ng'ambo ya barabara nasema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, "Usifunge! Usifunge mlango!" Hakunielewa hata neno. Lakini hakufunga. Alisema, "Jumanne. Nitakwenda Jumanne." Mama yake akamtaka aseme tena, kwamba anataka mwenyewe. Akasema tena, kwamba anataka. Honi zilizofuata hata mbinguni zilisikika.

Jumanne tulisubiri nje ya ofisi ya marabi, wale ishirini na wawili, mama wa saluni na mimi. Mwandishi aliandika polepole kwa kalamu ya unyoya, na sisi tulikwisha kula biskuti zote za Bobba. Hatimaye binti akatoka. Alitusimulia: walimwambia avue pete, akakinga mikono pamoja kama anayepokea maji, mume akaidondosha hati humo, akaibana kwapani, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Basi. Hati wameibakiza marabi, yeye amepewa barua ya kuthibitisha. Lakini mkono alikuwa bado ameubana ubavuni, kama mtu aliyewekewa kipimajoto.

"Achia mkono, mwanangu," Bobba akamwambia. "Umeshamaliza."

Akauachia, akapiga kelele, na wale mabibi wakacheza kwenye njia ya miguu hata mlinzi wa jengo akaingia katikati. Binti akaja kwangu amelowa jasho na machozi. "Na ng'ombe, Papa?"

Mama yake alikuwa amemwambia. Wote wakanitazama. Nikatoa simu papo hapo, nikampigia mdogo wangu Bukavu.

"Pokea ng'ombe," nikasema.

"Ng'ombe gani? Kaka, umerudia pombe?"

"Wa shemeji yako."

"Yule? Alikufa zamani!"

"Waambie walete mwingine. Hata mbuzi. Fungua mlango, upokee mbele ya watu, useme ni neno langu. Watoto ni wa mwalimu. Na mahari ya msichana mpelekeeni."

"Tulishakula, Kaka."

"Basi uza pikipiki."

Alikata simu. Nikapiga tena. Mara ya nne alikubali, na mama wa saluni alipiga vigelegele ambavyo Bukavu walivisikia bila simu.

Ng'ombe alipelekwa mwezi uliofuata. Mdogo wangu alisema aliyeshika kamba ni mke wangu mwenyewe; ninamwita hivyo kwa mazoea, nisamehewe. Aliomba asikilizishwe sauti yangu niliyoirekodi kwenye simu nikisema yuko huru, akaisikiliza mara mbili, akamkabidhi kamba, hakuniachia salamu. Kisha akaenda kanisani na mwalimu wake, wakafunga ndoa, yeye akiwa na miaka hamsini na minane.

Picha sikutumiwa, na sikustahili. Mama wa saluni aliitafuta kwa njia zake, akanionyesha kwenye simu. Amecheka na meno yote. Gauni lilimpwaya kidogo mabegani. Ningelipunguza.