Mama Mkwe na Jiko la Bayogesi

Soko huria lilipoingia, Tengeru kila mtu akawa anajenga. Majirani walishindana kwa mabati ya rangi na vigae vya kutoka nje; mimi nikajenga nyumba inayojipikia kwa samadi. Shule niliiacha kidato cha pili, kwa hiyo bwana mifugo aliponieleza kwamba samadi inatoa gesi, sikumuuliza swali hata moja, niliogopa atanijibu. Tukachimba shimo nyuma ya zizi, fundi akajenga kuba la tofali, bomba likapita ukutani mpaka jikoni.

Ila ng'ombe wangu walikuwa wawili, wamekonda kama mwenye nao. Moto unawaka, unakohoa, unazimika. Fundi akasema, "Unganisha na choo." Nikaunganisha. Weee! Jiko likanguruma.

Aliyelihitaji hasa ni mke wangu. Moshi wa kuni ulishamharibu macho, mekundu kutwa kucha, hospitali wakamwambia akiendelea na mafiga atapofuka. Hofu yake moja tu: mama yake. Mama akisema jiko hili ni uchafu, ukoo mzima hautakula kwetu, na yeye atarudishwa kwenye mafiga.

Mama mkwe akaja. Tukaamkiana, akaandaliwa ndizi na nyama, akachungulia jikoni.

"Kuni ziko wapi?"

"Tunatumia samadi ya ng'ombe, mama," mke wangu akawahi.

Hapo hakuna shida, sisi Wameru samadi tumesiliba nayo kuta tangu zamani. Lakini mama akatazama zizini.

"Ng'ombe wale wawili ndio wanaivisha sufuria hili?"

Kwetu, mbele ya mama mkwe hata kikohozi unakimeza. Mdomo wangu nao uliacha shule mapema.

"Na sisi tunachangia, mama."

Sahani ikasukumwa katikati ya meza. Mke wangu akanitazama, machozi yanamlengalenga. Mama yake akamshika kidevu, akamgeuzia dirishani.

"Macho yako yamekuwa meupe hivi tangu lini?"

"Tangu tupate hili jiko, mama."

Akamkagua jicho moja, akamkagua la pili. Akavuta sahani.

"Nitakula. Ila huyu," akaninyooshea kijiko, "asikanyage chooni mpaka nimalize."

Na mimi nilikuwa nimetoka kunywa mtindi nusu kibuyu. Mama akala taratibu, kila ndizi anaitafuna kama ina mfupa, kisha akaomba aongezewe.