Kichuguu Hakikuuzwa

Kutoka Mitwaba mpaka Lubumbashi tulisafiri siku nne, na moja nzima kati ya hizo hatukusogea hata hatua. Lori lilivunjika springi kabla ya Likasi. Dereva akatandika mkeka chini ya chombo chake, akalala kama mtu aliyefika kwake, na sisi abiria tukabaki juu ya mizigo tukiliwa na vumbi jekundu. Mama alikaa juu ya magunia ya muhogo mkavu. Mimi nilikalia dumu la mawese lililokuwa likinipaka mafuta suruali polepole. Katikati yetu ulikaa mzigo wake: kitenge cha bluu kilichofungwa mafundo manne, kipana na bapa, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Nilimwuliza mara tatu mna nini ndani. Mara ya tatu akajibu bila kunitazama.

"Ni bitu ya mutu mwenye alishafika. Weye haujafika fasi hata siku moya."

Alikuwa na haki. Nilikwisha kumwita Likasi, nikamwita Kolwezi, nikamwita Kasumbalesa, na kila alipofika alinikuta katika chumba cha kupanga, tayari nikiulizia mji mwingine. Kote huko mzigo ulikaa pembeni na mafundo yake. Baada ya Kasumbalesa alirudi Mitwaba akasema hatakuja tena mpaka niwe na nyumba yangu mwenyewe. Sasa nilikuwa nayo. Lakini mama hakuwa mtu wa kuamini maneno: dereva yuleyule alipita Lubumbashi kila mwisho wa mwezi, na kama nyumba yangu haikuwa nyumba, yeye angepanda lori na mzigo wake ukiwa umefungwa vilevile. Safari hiyo angerudi moja kwa moja. Alinieleza hivyo taratibu, kama anayenisomea masharti.

Nyumba ilikuwa Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi, upande ule ambao mahindi na matofali bado vinagombania nafasi. Aliyeniuzia alikuwa mstaafu wa reli, mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikasimama na kofia ambayo hakuivua hata jua likiwa limezama. Alinionyesha nyumba wakati wa kiangazi. Kuta zilipakwa rangi ya maziwa, sakafu ilifunikwa zulia la plastiki lenye maua, na ndani ya sebule palisimama kabati la mbao, kubwa kama mlango wa kanisa. Zulia na kabati aliniachia bure. Aliomba jambo moja tu: nisilisogeze kabati, kwa kuwa lilikuwa la marehemu mkewe na lilikuwa limezoea mahali pake. Niliguswa. Mtu anayekupa kabati la marehemu mkewe, utamshuku kitu gani?

Mama aliingia, akasimama katikati ya sebule, akatoa kitunguu kwenye kikapu na kukiweka chini. Kitunguu kikabingirika mpaka mlangoni. Akakirudisha karibu na kabati. Kikabingirika tena, safari hii kwa haraka zaidi, kikatoka nje.

"Nyumba yako inafukuza hata kitunguu," akasema.

Nilimweleza kwamba fundi aliinamisha sakafu makusudi ili maji ya kupigia deki yatoke yenyewe. Aliniangalia kwa huruma, kama alivyokuwa akiniangalia nilipokuwa darasa la tano nikimweleza kwa nini sikupata namba.

Wiki ile niliamka kila asubuhi mapema kuliko yeye ili nigundue ubovu kabla hajaugundua. Fremu ya mlango wa jikoni niliibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama kama kwenye mkate. Mlango wa chumba changu ulifungika tu kama wa chumba cha mama uko wazi. Ukutani palikuwa na ufa unaoweza kuingiza kijiko. Fremu niliiegemezea kiti. Ufa niliufunika kwa kalenda. Kisha ukatokea ufa mwingine, nikatundika kalenda nyingine, na ilipofika Jumapili nilikuwa na kalenda nne za miaka tofauti katika sebule moja. Mama akaniuliza kama nafungua ofisi.

Jumatatu aliamua kufagia nyuma ya kabati. Nilimkumbusha ombi la mzee. Akasema marehemu naye alikuwa mwanamke, angependa kufagiwe. Nikasukuma. Kabati lilikuja jepesi mno, kwa sababu lilikuwa na uso tu. Mgongo wote ulikuwa umeliwa. Chini yake zulia lilikuwa limenyanyuka, na chini ya zulia simenti ilikuwa imevimba na kupasuka, na katika nyufa mlichungulia udongo mwekundu, mbichi, kana kwamba mtu aliuchimba asubuhi ileile.

Mama alichuchumaa akauweka mkono juu yake. "Sakafu yako iko na mimba."

Hakuhitaji kunieleza zaidi. Kule kwetu na kule Lubumbashi vichuguu ni virefu kuliko nyumba, na mtu akitaka kiwanja hukikata kichuguu usawa wa ardhi na kufyatua matofali kwa udongo wake. Mtu mwenye akili huchimba kwanza mpaka amtoe malkia wa mchwa. Mstaafu wetu alikata, akasawazisha, akamwaga simenti nyembamba, na kumwacha malkia chini akiendelea na kazi yake.

Tulimwendea. Alisikiliza kofia ikiwa kichwani na mikono ikiwa kifuani, kisha akasema kwa upole kwamba yeye alituachia nyumba nzima na hajawahi kuona mchwa ndani yake. Labda, akasema, mchwa walikuja katika mizigo yetu. Amesikia kwamba watu wa Mitwaba husafiri na vitu vingi.

Tukaenda kwa shefu wa kartiye, mtu mnene, mpole, anayeamua mambo yote ya mitaa yetu akiwa ameketi chini ya turubai lake. Mstaafu akarudia yaleyale na kuongeza jambo: kuna mzigo wa mama ambao tangu ufike haujafunguliwa, nani anajua mna nini ndani? Shefu akamtazama mama. Mama akamtazama shefu. Hakuna aliyethubutu kumwambia aufungue. Mwishowe shefu akasema kwamba bila kuonyesha kuwa mzee alijua, hii ni kesi kati ya mnunuzi na sakafu yake.

Tulipofika nyumbani mama aliniuliza tu lori linapita lini. Zilibaki wiki mbili.

Siku zile mawingu yalianza kukusanyika, na mstaafu akaanza kutembea. Hakuwa mtu wa kutembea kabla ya hapo. Sasa alipita asubuhi, akapita jioni, akatusalimia kwa heshima zote huku macho yake yakiwa chini, kwenye msingi wa nyumba. Siku moja yalipodondoka manyunyu ya kwanza, nilimwona akichuchumaa ukutani, akachota udongo kidogo na kuunusa. Mama alikuwa barazani akichambua maharage. Alimwangalia mpaka akapotea kwenye kona.

"Ule haangalie nyumba," akasema. "Anaangalia chakula."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mvua kubwa za kwanza huwatoa kumbikumbi, ambao mama aliwaita nswa, na mtu wa Katanga anaweza kusahau deni, ubatizo na jina la shemeji yake, lakini hasahau kichuguu kinachotoa nswa. Kichuguu kina mwenyewe. Hata kikiwa katika shamba la mtu mwingine, kuna anayekisafisha na kukilinda, na watoto wake hukirithi. Kuokota kwenye kichuguu cha mtu ni sawa na kufunua sufuria yake.

Kesho yake mama alichukua ndoo akaenda bombani. Huko, kwa mujibu wa waliomsikia, alilalamika kwamba yeye ni mgeni tu, hajui kichuguu kilicho chini ya nyumba ya mwanawe ni cha nani, kwa hiyo nswa wote wa mwaka huu ameshamwahidi mwanamke mmoja wa mtaa wa Makomeno atakayekuja na magunia. Alirudi na ndoo nusu na uso wa mtu aliyeshiba. Kule Annexe neno lililosemwa bombani asubuhi hula chakula cha mchana mitaa mitatu mbele.

Mvua kubwa ilinyesha Alhamisi, ikakatika mchana, jua likatoka kali. Mama aliniambia nipange viti sebuleni na nimwite shefu aje anywe munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi. Nilisema hatuna sherehe. Akasema itakuwepo.

Shefu hakuwa amemaliza kikombe cha kwanza. Mstaafu aliingia bila kubisha, amevaa mabuti, amekunja mikono ya shati, ndoo mbili mkono huu na ufagio mkono ule. Kwa mara ya kwanza nilikiona kichwa chake. Kofia aliiacha nyumbani. Hakumwona shefu, ambaye kiti chake kilikuwa nyuma ya mlango. Alinitazama mimi.

"Mutoto yangu, nilikuuzisha nyumba. Kichuguu sikukuuzisha."

Mama akashika shavu, mnyonge kabisa. "Papa, siye bageni, hatujue kitu. Kumbe kichuguu iko ya nani?"

"Iko yangu, mama. Ilikuwa ya baba ya bibi yangu, ule mwenye kabati. Kila mwaka ninaokota hapa."

"Hata kisha kujenga?"

"Hata kisha kujenga. Banatokea pale chini ya kabati, na bengine nyuma ya mulango ya chumba. Ngoja saa kumi, utaona."

"Kumbe," mama akasema, "habakukuya mu mizigo yetu."

Nyuma ya mlango kikombe kiliwekwa chini. Shefu akakohoa, akamsalimia mzee, akamwomba arudie kidogo hapo pa kabati, maana masikio yake si mazuri.

Mzee alisimama na ndoo zake kama abiria aliyeshuka stesheni isiyo yake. Mara chini ya miguu yetu kulianza mlio, kama karatasi nyingi zinakunjwa kwa pamoja, na simenti ikafumuka kumbikumbi. Walitoka chini ya kabati. Walitoka nyuma ya mlango wa chumba. Mzee alikuwa sahihi kabisa, ila saa kumi haikuwa imefika. Kesi ikasimama hapohapo. Mimi niliokota kwa sufuria, mstaafu kwa ndoo, shefu akavua koti akalifanya gunia, na majirani wakaingia na mabeseni bila kuuliza kesi ni ya nani. Askari wa mchwa walituuma vidole na hakuna aliyejali.

Mama alikaanga wa kwanza kwenye mbabula, jiko lake la makaa, barazani. Walipokauka, mabawa yakawa yanatakiwa kupepetwa. Akauliza ungo. Nyungo zote za mtaa zilikuwa kazini. Akasimama, akapanguza mikono, akaingia chumbani na kutoka na mzigo wake. Aliketi kizingitini akafungua fundo la kwanza, la pili, la tatu. La nne liligoma, akalitatua kwa meno.

Ndani mlikuwa na ungo. Ungo wa mama yake, mweusi kwa moshi, ukiwa umezungushiwa nguo mbili za kubadili. Tangu Likasi nilikuwa nimebeba fumbo begani, nalo lilikuwa ungo. Alianza kupepeta pale pale kwa mapigo madogo yaliyotulia, na mabawa yakaruka yakatua juu ya kichwa kitupu cha mstaafu wa reli.

Hukumu ilitolewa midomo ikiwa imejaa. Shefu alisema mwenye kichuguu ni mwenye uharibifu wake. Mzee amchimbe malkia, amwage sakafu upya na abadilishe fremu zote. Mzee akainamisha kichwa akakubali. Ni mama aliyekataa. Malkia asiguswe. Mzee atengeneze milango na vyumba, abomoe ukuta wa mbele wa sebule, sebule iwe baraza ya udongo. Kila mwaka atapata ndoo moja, kutoka mkononi mwa mama. Mzee akaomba mbili.

"Moya," mama akasema.

Mimi, mwenye nyumba, sikuulizwa.

Mwisho wa mwezi lori lilipiga honi barabarani. Mama alitoka akampa dereva kifurushi cha nswa cha watu wa Mitwaba, akarudi ndani kuteleka bukari, ugali wa kwetu. Kesho yake mstaafu alifika na randa na misumari. Kazi ya wiki mbili aliifanya mpaka mahindi yakakauka. Kila fremu ilihitaji chai. Kofia ilirudi kichwani, kisha ikaja kofia nyingine, mpya, na hiyo ilikuwa ya Jumapili.

Nyumba ilipopona, miguu yangu ikaanza kuwasha. Mtu mmoja niliyefanya naye kazi zamani alinipigia simu kutoka Kalemie, akasema kuna nafasi kwenye bohari karibu na ziwa. Nilimwambia mama ajiandae. Alikuwa anapiga ungo kuutoa vumbi.

"Weye nenda," akasema. "Kichuguu haihamake."

Nilipoondoka kabisa ilikuwa asubuhi, na mstaafu alikuwa ameshafika. Alikuwa ameketi kwenye kiti changu. Mama aliniwekea mkononi kifurushi cha kitenge cha bluu, kipande alichokikata kwenye kile cha zamani, kikiwa kimefungwa mafundo manne. Mawili yalikuwa yake, nayajua. Mengine mawili yalikazwa kwa namna ya mtu aliyefunga mizigo ya reli maisha yake yote.

"Utafungua kisha kufika," akaniambia.

Mzee alisisitiza kunibebea begi mpaka barabarani, na kwa umri wake alitembea haraka mno. Alilirusha ndani ya lori, akanishauri nisiharakishe kurudi, kwamba wakati wa mvua barabara si nzuri. Lori lilipoanza kuondoka niligeuka ili nimpungie mkono, lakini alikuwa ameshafika nusu ya njia ya kurudi, akiinyoosha kofia.

Mafundo niliyafungua kabla ya Likasi. Nswa walikuwa na chumvi sawasawa.