Mteja wa Kiuno Inchi Sitini

Mama Futi hakuamini kitu cha bure, hata kalenda ya ukutani. Alikuwa fundi cherehani mwaka wa ishirini na mbili sasa, kwenye korido ya mafundi kumi na mmoja, ghorofa ya pili, na futi ya kupimia ilitoka shingoni mwake wakati wa kulala tu. Basi mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, aliposema programu yao ya simu itolewe bure, alisimamisha cherehani katikati ya pindo.

Wazo la programu lilikuwa la Mama Futi mwenyewe. Fundi huandika vipimo vya wateja daftarini, bega, kifua, kiuno, na namba ya simu pembeni. Daftari likiloa, wateja ndio hao wamekwenda. Mkwe, mtu wa kompyuta, akayatia yote hayo kwenye simu, na mafundi wa korido walikuwa wakiijaribu programu hiyo kwa miezi miwili. Kilichobaki ni bei.

"Kila fundi alipe bei ya dazeni moja ya vifungo kwa mwezi," alisema Mama Futi.

"Watakimbia, mama. Tuitoe bure. Wakishazoea, pesa itakuja."

"Itatoka wapi, baba?"

"Itakuja tu. Mambo ya mtandao yana njia zake."

Alisema hayo macho yakiwa kwenye pasi. Mtu ana mke, ana kodi ya nyumba, kisha anakataa malipo kama aliyeshiba? Mama Futi alitamani kumbana pale pale, lakini mkwe ni mkwe. Ukimuumbua, umemuumbua na binti yako. Akarudia pindo lake.

Jioni ile alimwandika kwenye programu mteja asiyekuwepo duniani: bega inchi kumi, kiuno inchi sitini. Namba ya simu aliweka ya laini yake ya zamani, ambayo hakuna aliyekuwa akiipigia tena.

Siku ya tano laini ile ikalia. Ujumbe ulitoka duka kubwa la nguo zilizoshonwa tayari, lile lile lililokuwa likiwanyang'anya mafundi wateja: "Mama mpendwa, hata kiuno cha inchi sitini kina gauni lake kwetu. Karibu."

Mama Futi alikaa chini. Iliuma, tena sana. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii aliishona mwenyewe.

Alimwita mkwe aje apimwe shati. Alipomzungushia futi kifuani, akamwonyesha ujumbe. Kifua kikanywea inchi nzima.

"Wanalipa vizuri, mama," alinong'ona. "Nilitaka mafundi wasitoe kitu."

"Wametoa wateja wao. Utahakikisha wale wamefuta kila ulichowapa, kisha funguo za programu nitashika mimi. Mkeo hatajua kwangu. Atajua kwako, leo."

Kesho yake aliwakusanya mafundi koridoni, akaeleza yote, ila hakutaja aliyeuza. Alisema kosa ni lake, na kwamba kuanzia sasa ni dazeni ya vifungo kwa mwezi, kwa sababu fundi asipolipa yeye, kuna mwingine anayelipa ili amle. Alingoja matusi.

Fundi Suruali, jirani yake wa ukuta mmoja kwa miaka kumi na mitano, alikuwa akinoa chaki bila haraka.

"Mimi hawajapata kitu kwangu," alisema. "Namba nilizoandika ni za shemeji zangu, na vipimo ni vya kabati la nyumbani."

"Kwa nini?"

"Fundi mwenzangu aniletee kitu bure, nisikitilie shaka? Nilijua unawataka wateja wangu."

Wengine wakatazama sakafu, na Mama Futi akaelewa kuwa korido nzima ilikuwa imejaa viuno vya uongo. Alicheka kwa kuwa wateja wamepona. Kisha kicheko kikamkatikia, maana aliyekuwa akitiliwa shaka miezi yote miwili ni yeye.

Fundi Suruali akafungua kopo, akamhesabia vifungo kumi na viwili, vyeupe, vya matundu manne.

"Mwezi wa kwanza huo. Sasa naandika mteja wa kweli."

Akaichukua simu yake, akaigeuzia upande wa ukuta ili Mama Futi asione, akaandika mteja mmoja.