Mazuti ya Kiangazi

Papa hakuwa na imani na vituo vya mafuta vya Ubelgiji. Tulikuwa tumeishi Schaerbeek miaka kadhaa, na kituo cha kona ya pili hakikuwahi kukaukiwa hata siku moja, lakini yeye alikuwa mtu wa Bukavu. Mtu wa Bukavu anajua kwamba mafuta huisha siku ile ile unayoyahitaji. Basi kila kiangazi alijaza mazuti, yaani dizeli, kwenye bidoni, madumu ya plastiki, na kuzipanga chini ya nyumba, kando ya viazi. Mama alikuwa akimtania, "Baba batoto, siku moja utaoa hizo bidoni."

Kisha Mama akaugua. Majira yale ya baridi, miongoni mwa makali kabisa ya miaka ya tisini, alikuwa amelazwa katika hospitali kubwa kule Jette, na madaktari walishatuambia kwamba hakuna la kufanya tena. Aliomba kitu kimoja tu: afie nyumbani, kitandani kwake. Wakakubali. Tuje kumchukua Jumamosi asubuhi.

Ijumaa Papa akamimina bidoni mbili nzima kwenye tangi la gari letu, eti tusije tukapungukiwa njiani. Jette si mbali hata kidogo.

Asubuhi yake baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nilitandika blanketi la Mama kwenye kiti cha mbele. Gari likawaka, likakohoa, likafa kabla hatujafika kwenye kona. Papa akajaribu tena na tena mpaka betri ikaisha. Nikamwambia tuite teksi.

"Hapana. Mama yako hatarudia kwake na gari ya bantu bengine. Miye nilimupeleka, miye nitamurudisha."

"Papa, Mama iko anatungoya!"

"Bon, angoye kidogo. Itawaka."

Nilimchukia asubuhi ile, na sioni haya kulisema. Alimwagia injini maji ya moto, akaifunika kwa koti lake mwenyewe, akabaki na sweta huku midomo imemkauka. Akasali kwa sauti, mikono juu ya boneti. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira.

Karibu na adhuhuri jirani yetu Mturuki alirudi kutoka kusambaza mikate. Akafungua chujio la mafuta. Mazuti yalikuwa yameganda, mazito kama mawese yaliyosahauliwa kwenye chupa jikoni. Akauliza kwa Kifaransa yalinunuliwa lini. Mwezi wa saba, Papa akajibu. Jirani akatikisa kichwa. Majira ya baridi, alisema, vituo vya huku huuza mazuti mengine, yasiyoganda upesi. Papa alitazama chini. Jirani akatufungulia mlango wa gari lake la mikate.

Muuguzi alitupokea kwenye korido. Mama alikuwa amevaa tangu asubuhi, alituambia, kilemba na koti kabisa, akakaa dirishani akiangalia magari yanayoingia. Kila alipoombwa avue koti alikataa. Halafu pumzi ikambana. Sasa alikuwa kitandani na barakoa ya oksijeni, koti bado mwilini, na daktari alisema hawezi tena kusafirishwa.

Alifumbua macho alipomsikia Papa.

"Gari iko wapi?"

"Iko chini," Papa akasema. "Iko na joto muzuri."

Mama akatabasamu, akafunga kifungo cha juu cha koti lake. Alifariki jioni ile, kabla ya taa za korido kupunguzwa.

Wiki nyingi baada ya mazishi gari lilibaki kando ya barabara, theluji juu yake. Sikulitazama, wala sikuzungumza sana na Papa. Kisha baridi ikalegea. Asubuhi moja akaweka betri mpya, akazungusha ufunguo, na gari likawaka mara moja, kwa mazuti yale yale. Roho ilinipasuka kusikia mlio ule.

"Ingia," akaniambia.

Hakusema tunakwenda wapi. Akaendesha mpaka Jette, akaegesha chini ya dirisha la Mama. Akaacha injini ikinguruma, akafungulia joto mpaka mwisho, akanyoosha blanketi kwenye kiti kile cha mbele ambacho sikuthubutu kukikalia. Kisha akainua macho dirishani.

"Sasa iko chini," akasema.

Nikamshika bega kutoka nyuma. Tulikaa hivyo mpaka mlinzi akaja kutuomba tuondoe gari.