Tundu Katika Gari la Babu

Kiazi kibichi kina harufu ya udongo na chuma kwa pamoja, na hadi leo kila nikikikata jikoni kwangu hasira hunipanda. Masika yale nilipokuwa na miaka tisa, kazi yangu ya kila adhuhuri ilikuwa kukata kiazi katikati na kukisugua kwenye kioo cha mbele cha gari la babu, kona hadi kona, ili maji ya mvua yateleze. Kwetu Boito mvua haikuja kwa kubahatisha. Ilikuja saa nane, ikapita juu ya mashamba ya chai ikivuma, na ukishaisikia kwenye mabati ya jirani ulikuwa na muda wa kuanua nguo mbili tatu tu. Nikimaliza kusugua nilinawa, nikaingia kiti cha mbele kusubiri, kwa sababu kazi yangu ya pili ilikuwa mbaya zaidi.

Lilikuwa gari la Kiingereza la rangi ya mursik, maziwa yetu ya mgando yenye masizi ya mkaa, kijivu kinachoelekea samawati. Babu alilinunua kwa meneja mmoja wa mashamba makubwa aliyekuwa akirudi kwao. Babu alipofariki likawa la baba, na baba alipofariki likabaki kwa mama kwa sababu moja tu: hakuna mwingine pale nyumbani aliyejua kuliendesha. Mama alikuwa mwalimu wa nasari. Mlima wetu mzima haukuwa na gari jingine, kwa hiyo mwanamke yeyote aliyeshikwa na uchungu aliletwa langoni kwetu, na mama akaweka chaki chini akashika usukani. Lakini waipa za gari lile hazikutumia umeme. Zilivutwa na pumzi ya injini kupitia mpira mwembamba, na injini ikifanya kazi ngumu haikuwa na pumzi ya kugawa. Yaani kwenye mteremko zilipiga kwa wazimu, na kwenye mlima, mvua ikikupiga usoni, zililala. Aliyebuni kitu kile hakuwahi kuiona Boito. Ili ziamke, mama alilazimika kuinua mguu kwenye mafuta, waipa zifute mara moja, kisha akanyage tena kabla gari halijaanza kurudi nyuma. Tulipanda hivyo, kwa kwikwi, nami nimetoa mkono na nusu ya kichwa dirishani, nikifuta kioo kwa fulana kuukuu.

Siku iliyomaliza mchezo tulikuwa tumembeba jirani yetu, Mama Chebet, akiwa kiti cha nyuma na mama mkwe wake. Katikati ya mlima mama aliinua mguu, waipa zikafuta nusu kioo, zikakwama. Hatukuona kitu. Nikasikia honi, na lori la majani chai likatokea ndani ya ule weupe wa mvua likitujia moja kwa moja. Mama alivuta usukani, tukaingia kwenye chai, matawi yakakwaruza chini ya miguu yangu, na mkono wangu ukabanwa kati ya mlango na kichaka. Kovu ninalo. Nyuma, Mama Chebet akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mwalimu, huyu mtoto hawezi ngoja." Watu wa lori walishuka wakatusukuma hadi barabarani, na mama akalipandisha gari kichwa chake kikiwa nje ya dirisha, maji yakimwingia machoni. Mtoto alizaliwa dakika chache baada ya sisi kufika hospitali ya misheni. Wakamwita Cherop, jina la msichana aliyezaliwa wakati wa mvua.

Kesho yake mama aliomba ruhusa shuleni, akalipeleka gari Roret kwa fundi Nyakundi, Mkisii mfupi aliyependa kuongea na magari kuliko na wenye magari. Alifungua boneti, akautazama ule mpira, akacheka hadi akajishika kiuno. "Mwalimu, hii gari inaomba injini pumzi ya kufuta kioo? Wacha niiwekee mota ya stima, kutoka kwa pikapu." Pikapu yenyewe ilikuwa imelala nyuma ya gereji, imepondeka paa. Mota yake haikutoshea, basi akatoboa tundu kwenye bati linalotenganisha injini na dashibodi, akachonga kishikizo kutoka kwa jembe lililokwisha makali, akavuta waya hadi kwenye betri. Kisha akaitazama miguu yangu. "Hizo gambuti bado zinakutosha?" Hazikunitosha. Alikata kipande cha mpira wa gambuti ya kushoto, akakizungusha kwenye tundu ili maji yasiingie. Walipoijaribu, mota ilikuwa na nguvu kiasi kwamba waipa moja iliruka ikaangukia kwenye sukuma wiki ya jirani, na mama akacheka, mara ya kwanza tangu tumzike baba. Fundi alikaza upya, na saa nane tukaupanda mlima wetu ndani ya mvua, waipa zikienda kwa mwendo uleule chini na juu. Sikujua niiweke wapi mikono yangu.

Furaha ile haikumaliza wiki mbili. Baba mkubwa, kaka wa baba, aliishi Bomet mjini na alitutembelea kiangazi tu, barabara ikiwa kavu. Safari hii, habari za mota zilipomfikia, alikuja haraka mvua zikiendelea. Alifungua boneti, akatia kidole kwenye tundu, akasema, "Umetoboa gari la mzee." Jumamosi viti vikapangwa kwenye nyasi, watu wa ukoo kumi na watano wakaja, wakanywa chai aliyoipika mama mwenyewe, kisha wakamweka kati. Baba mkubwa alisema gari lile ni ukumbusho, na ukumbusho hautobolewi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za mkono wangu uliofungwa bendeji, na hakuna aliyemtaja Cherop, ingawa nyanya yake mzaa baba alikuwa ameketi palepale. "Omba msamaha," baba mkubwa akasema, "ama ulete ufunguo hapa." Mama akasimama. Nilingoja awaambie yote, lori na mlima na mvua. Aliutazama ufunguo kiganjani, akasema, "Poleni. Nimekosa," akaketi. Nilimkasirikia siku nyingi kuliko nilivyowakasirikia wao. Sikuelewa kwamba maneno yale mawili ndiyo yaliyotubakishia ufunguo, ingawa Jumatatu yake alimbeba mama mwingine hospitali.

Mwaka huu binamu yangu Kiplimo, mtoto wa baba mkubwa, alilichukua gari kulitengeneza kwa ajili ya maonyesho ya magari ya zamani mjini Kericho. Alitualika. Kwenye kioo alikuwa amebandika kibao: kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, limetunzwa na babu, kisha na baba yake. Jina la mama halikuwemo. Nilifungua boneti nikakuta tundu limechomelewa, limepakwa rangi, na ule mpira mwembamba umerudi. Mota nilikuwa nimeikuta asubuhi ile nyuma ya stoo ya Kiplimo, ndani ya kreti la vyuma chakavu, na kile kishikizo cha jembe, na kipande cha gambuti yangu. Niliibeba bila kuomba. Nilipomuuliza kwa nini aliing'oa, alinijibu kwa upole, "Hiyo kitu ingeniangusha maksi, dada. Majaji wanataka orijino."

Akapewa zawadi. Tukarudi nyumbani wanne, Kiplimo kwenye usukani, mama kando yake, mimi na baba mkubwa nyuma. Tulifika chini ya mlima wetu mvua ikianza, na waipa za orijino zikalala. Kiplimo aliinua mguu, injini ikataka kuzima. Akacheka kwa aibu. "Auntie, hebu toa mkono ufute hapo kidogo."

Mama ana zaidi ya miaka sabini. "Simama," akasema. "Sogea." Akaliendesha mwenyewe, kwa kwikwi ileile, hadi juu, akazima injini, akaushika ufunguo bila kugeuka.

"Niliomba msamaha kwa ajili ya huu ufunguo," akasema. "Sasa nangojea na mimi niombwe."

Baba mkubwa alikohoa, akaniuliza kama mota bado iko. Nikasema ninayo. "Basi irudishwe," akasema.

"Hiyo ni kazi ya fundi," mama akasema. "Mimi bado nangoja."

"Pole, Mwalimu," baba mkubwa akayaambia magoti yake.

"Sijasikia. Mvua ni nyingi."

"Pole. Tulikukosea."

Mota imerudi, na gambuti yangu imezunguka tundu jipya. Lakini mama aliomba msamaha amesimama kwenye nyasi, mbele ya watu kumi na watano, kwa kosa ambalo halikuwa kosa. Wa kwake ameupata ndani ya gari lililofungwa madirisha, mvua ikinguruma, masikio yakiwa machache. Yeye anasema inatosha. Mimi haijanitosha, na ndiyo sababu nimewaambia ninyi nyote.