Nikimpisha kiti mtani wangu, watatutia kamba

Bwana wa gazeti, jina langu lifiche, na la kijiji changu pia. Mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu, Myao wa Masasi. Wangoni walipokuja kuteka watu nilishakuwa na ndevu. Ndui ilipita nikabaki, nzige wakapita nikabaki, wake wawili nimewazika, na hii vita ya maji ya juzi imepita nami nipo. Herufi ninazo chache, za chuo cha Kurani, lakini barua hii nimeiandika mwenyewe maana sina wa kumwamini aniandikie.

Mimi ni jumbe, tena si jumbe wa kuokotwa. Watu wangu hawakunywa ile dawa ya maji ya vita hata mmoja, kwa sababu nilikaa njiani na upanga nikasema anayekwenda aanze na mimi. Ndiyo maana barazani kwa akida nina kiti cha mbao chenye mgongo, mimi peke yangu. Majumbe wengine mkekani, raia wanachuchumaa juani.

Siku ile alikuja shaushi mgeni, Mnubi, akiongoza askari wake. Akapiga kelele, "Wote chini!" Watu wakashuka kama mtama uliokatwa. Akabaki mmoja amesimama: mtani wangu Mmakua, aliyeteremka kutoka Newala akiegemea gongo lake. Goti lake halikunjiki tangu alipotumbukia kwenye shimo la kutegea nguruwe, miaka mingi kabla ya vita. Kuchuchumaa hawezi, wala kushuka chini, hata umwue. Shaushi akainua kiboko.

Nikainuka, nikamwita, "Njoo ukae hapa." Kwetu kiwete hasimami mbele ya mzima aliyekaa, tumefundishwa jandoni, na kwa hilo siombi ruhusa ya mtu. Lakini mnawajua Wamakua kwa midomo. Akaja akichechemea, akasema mbele ya umati wote, "Inuka upesi, mtumwa wangu we! Kiti hicho na wewe mwenyewe niliwanunua kwa jogoo mmoja, tena mgonjwa!"

"Kaa, mla panya," nikamjibu, "ila usikitafune." Watu wakacheka.

Shaushi hakucheka. Kwao utani haupo. "Nani huyu anayemwamuru jumbe wa serikali, na jumbe anatii?"

"Ni mtani wangu, bwana."

"Mtani ndiyo nini? Ndiye mganga wenu wa maji?"

Nikamtazama akida. Akida ni mtu wa pwani, utani anaujua kuliko sala. Akatazama viatu vyake.

"Sikia, mzee," shaushi akasema polepole. "Mwezi ukiandama, bwana mkubwa anakuja kutoka Lindi. Wewe utakaa kiti hicho, na huyu atakuwapo. Ukimwinukia tena, nitajua mkubwa wenu ni nani. Kamba ninazo mbili."

Tangu hapo silali. Walionyongwa kwa ajili ya vita ile nimewaona, nimesaidia kuwashusha. Wanangu wananiambia, "Baba, tuvuke Ruvuma." Sitaki! Nikikimbia watasema kijiji kizima kilikunywa dawa. Nikikikataa kiti, watasema nimeasi.

Nikapanda Newala kumwambia mtani asije. Akasema, "Nimeitwa kwa jina. Nisipokwenda wataichoma nyumba ya binti yangu." Nikamwambia basi aje, ila mdomo aufunge. Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Akalisugua lile goti, akasema, "Wewe kaa tu, ndugu yangu. Mimi nitasimama."

Maisha yetu yote hajawahi kuniita ndugu. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Baraza ni toka asubuhi hadi alasiri. Hataweza. Akisimama peke yake wakati watu wote wako chini, ni kiboko. Akianguka, ni kiboko. Nami niwe nimeegemea kiti natazama? Na nikiinuka, ndiyo nimemtia kamba shingoni kwa mkono wangu, na yangu juu yake.

Mwezi umebaki kipande. Ninyi mnaosoma na mnaosomewa, nishaurini upesi: nikae, au nimpishe?

Anayedhani natia chumvi amwulize fundi wa jando wa Lisekese, alichuchumaa nyuma yangu siku ile. Amwulize Mama Zuhura, aliyemletea Mmakua maji ya kunywa pale kitini. Wa tatu ni Mmakua mwenyewe. Huyo mumwahi.