Debe Alilolikataa Baba

Harufu ya uji ulioshika chini ya sufuria hunirudisha kijijini kwetu Daa, chini ya msitu wa Ngorongoro, kwenye uwanja wa kanisa letu, mwaka mmoja wa ukame nilipokuwa binti mdogo wa shule ya msingi.

Baba yangu, Mzee Yakobo, alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, mtu wa msimamo mpaka anakuchosha. Malisho ya Ngorongoro yalipokauka na ng'ombe wa Wamaasai wakaanza kufa, Katibu Kata alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kila kaya itoe debe la mahindi la kuwalisha. Baba alimpa kiti, akampa chai, kisha akamkatalia.

"Sadaka ya kulazimishwa si sadaka," alisema. "Nitatoa kanisani, kwa hiari yangu."

"Mzee Yakobo, usipotoa nitarudi na mgambo."

"Njoo nao. Watanikuta."

Mama hakula siku ile. Alishawahi kuona watu wakiwekwa mahabusu kwa ajili ya kodi. Lakini baba alisaga gunia zima, akalipakia kwenye punda, akalipeleka kanisani. Nilimfuata nikitembea kwa maringo. Gunia ni kubwa kuliko debe, basi Mungu alikuwa upande wetu!

Jumamosi Wamaasai wakaja. Tulianza kusikia kengele za punda huko juu msituni, kisha watu wakashuka, wengi mno: akina mama warefu wenye shanga, watoto migongoni, wazee wameegemea fimbo zao. Ng'ombe wachache waliobaki walikuwa ngozi juu ya mifupa. Hakuna aliyelia. Sijaona tena umati mkubwa namna ile ukiwa kimya namna ile. Nilishika gauni la mama.

Akina mama wa kanisa walipika uji, baba akagawa. Unga wake na wa wenzake ulikwisha kabla ya adhuhuri, na watu walikuwa bado wanatoka msituni. Mama mmoja wa Kimaasai akasimama mbele yake na kibuyu kitupu. Baba akakwangua sufuria. Akakwangua tena.

Ndipo lori la serikali likaingia, limejaa unga wa yale madebe ya lazima. Katibu Kata akaruka chini. Nilingoja amsute baba, hakumsuta.

"Mzee, mimi nina unga," alisema. "Sina wapishi."

Baba akavua koti, akabeba gunia la kwanza begani mwake.

Jioni alipima debe la mahindi, akajitwika kulipeleka ofisi ya kata. Mama akamwuliza taratibu, "Baba Martha, leo imekuwa sadaka?"

"Hapana. Hii ni kodi," alijibu. "Lakini huruma yangu, leo nimeiona mwisho wake."

Kwa miaka mingi nilidhani alikuwa ameshindwa. Nilikuja kumwelewa nikiwa mwalimu, kodi inakatwa kwenye mshahara wangu bila kuniuliza, nami Jumapili napeleka sadaka yangu vilevile. Baba hakuacha kuamini kwamba upendo haulazimishwi. Aliendelea kutoa kanisani akiimba, na ofisi ya kata akinung'unika. Alichokiona pale mbele ya kile kibuyu ni kwamba njaa ya yule mama haikuweza kungoja mpaka mioyo yetu sote iwe tayari.